Kishimo cha maji kikipanda, usitoe majibu

Nyinyi mnaoanza kazi ya maabara hapa Mombasa, haswa mliowekwa kwa mashine ya PCR (ile inayozidisha DNA ya virusi mpaka ionekane), nawaomba sana, kabla hujaangalia sampuli ya mgonjwa yeyote angalia kwanza kile kishimo cha sahani ya kupimia ulichotia maji matupu bila damu ya mtu, ambacho hakitakiwi kuonyesha kitu.

Nasema hivi manake yalinipata. Ilikuwa msimu wa dengi, joto la kaskazi, damu zinaletwa kutoka Kisauni mpaka Likoni, nikafungua kompyuta nikaona karibu mistari yote imepanda, yaani virusi vipo, nikasema yallah, mji mzima unaumwa. Kumbe hata yale maji yamepanda, saiko (mzunguko wa mashine) ya 34. Mwenzetu alikuwa amechukua pipeti ya chumba cha sampuli akaja kuchanganyia dawa za kipimo nayo, virusi vikaingia humo. Tukatupa kila kitu, tukafuta meza kwa jiki, tukaanza upya na usiku ushaingia.

Hii mashine kila saiko inazidisha DNA mara mbili (dengi ni RNA kwa hivyo inageuzwa DNA kwanza) na inapiga saiko kama 40 hivi, sasa hebu fikiria chembe chache tu zilizorukia pale zitakuwa ngapi mwisho wake. Ile namba ya Ct ndiyo saiko ambayo mwanga wa ile DNA umevuka mstari wa kikomo, ikiwa ndogo virusi ni vingi, na tofauti ya saiko tatu na kitu ni kama mara kumi, si jambo dogo.

Tyubu nayo, chukua ya kifuniko cha zambarau. Ile ya kijani ina heparini, inazuia PCR, utapata negativu ya uongo.

Lakini kinachoniuma zaidi ni siku za homa. Dengi inaonekana vizuri kwa PCR siku tano za kwanza hivi, baadaye virusi vinapungua kwenye damu na hapo unataka kipimo cha IgM, yaani kingamwili ambazo mwili umetengeneza. Kuna mama alileta kijana wake siku ya nane, PCR ikasema hakuna, wakarudishwa nyumbani na panadoli, siku mbili baadaye karudi naye amembeba mgongoni, mtoto wa darasa la sita mzima. IgM ikatoka positivu. Hakuna aliyekuwa ameuliza homa ilianza lini, na mimi pia sikuuliza.

Sasa fomu ikinifikia bila tarehe ya homa kuanza, napiga simu wodini kwanza ndio nishike pipeti.