Kwa nini nahesabu ndege

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma jana usiku, kwenye simu nilishindwa kujibu ndo naandika. Umeuliza kwa nini ndege ikipita hapa Dodoma naacha chakula natoka nje, na kama vita ya Kagera niliwahi kurusha.

Sikurusha mama. Nilikuwa fundi tu Mwanza, kazi yangu kubwa parashuti la breki. MiG-21, ndege yetu ya kivita, inatua kwa kasi sana, rubani anafungua parashuti kwa nyuma isimame kabla ranwei haijaisha, akishaliachia sisi tunakimbia kuliokota, tunalikausha, tunalikunja upya kwa mikono na kulishindilia mahali pake, na ukikunja vibaya halifunguki. Usiku unalala unawaza mikunjo.

Novemba 1978 Mwalimu alipomsema Idi Amin, kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Nilikuwa kijana, kuogopa bado.

Kuogopa kulikuja kwenye kusubiri. Zikishapaa huna kazi tena, mnakaa kivulini hamuongei mnasikiliza upande wa ziwa, zikitoka tatu unataka usikie tatu. Kuna siku zilitoka mbili ikarudi moja. Nikajiambia ni mkunjo wangu, japo parashuti halihusiani kabisa na ndege kuchelewa huko juu, najua, lakini moyo ulikataa kuelewa. Ya pili ikaja baadaye sana, ikagusa ranwei, parashuti likafunguka vizuri, nikakaa chini pale pale nikalia mbele ya sajini wangu na hakunisema.

Halafu 29 Machi 1979 Tu-22, dege la mabomu la Libya iliyokuwa inamsaidia Amin, likaja kupiga matanki ya mafuta Mwanza, likakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua swala. Watu wanasimulia wanacheka. Mimi silichekei hata leo, wangelenga vizuri wewe usingezaliwa. Siku chache baadaye zetu zikaenda kujibu, Kampala, Jinja, Tororo, na sisi tena kivulini tunasikiliza.

Sasa hapa uwanja uko mjini, zinapita chini chini juu ya bati, mwili unanyanyuka wenyewe kabla sijafikiri. Mama yako ameshazoea, anafunika sahani.

Desemba ukija kwa ndege niambie saa, nitakuwa nje.

Baba