Ngozi ya Mafuta Katika Baridi ya Mbeya: Nilivyoacha Kuisugua

Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba uso wenye mafuta na chunusi hutibiwa kwa kukaushwa. Nilikuwa naishi Uyole, na kila asubuhi kabla ya kupanda daladala ya kwenda Mwanjelwa niliosha uso kwa kipande cha sabuni ya mche, kilekile kilichofulia sare za wadogo zangu, nikausugua kwa dodoki mpaka ukawaka. Mchana nikarudia, na usiku nikarudia tena. Ngozi ilikaza kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa, lakini haikupita saa mbili kabla paji la uso na pua havijaanza kung'aa upya, na mashavuni chunusi mpya zilikuwa zinaota juu ya madoa ya zile zilizotangulia.

Kipupwe kilipoingia, mambo yaligeuka upande wa pili. Mama alikuwa akinitazama mlangoni na kusema, "Mama, huendi popote na uso uliopauka hivyo, watu watadhani huna wa kukutunza," kisha ananipaka mafuta ya mgando yeye mwenyewe, kwa viganja vyote viwili, kama alivyonifanyia nilipokuwa darasa la kwanza. Basi asubuhi nilikwangua mafuta yangu, na dakika tano baadaye nikajaziwa mengine. Sasa nikikumbuka naona kwamba mimi na mama tulikuwa tunapigana na ngozi hiyohiyo moja kutoka pande mbili.

Nililochelewa kuelewa ni kwamba ngozi ya mafuta nayo hupungukiwa maji. Mafuta hutoka kwenye tezi zilizo chini ya ngozi, ambazo huchochewa zaidi na homoni kuliko na uchafu, na chunusi huanza pale mafuta hayo yanapochanganyika na seli zilizokufa na kuziba kitundu, kisha bakteria wakastawi humo ndani na ngozi ikavimba. Sabuni kali haifiki huko. Inachokifanya ni kuvua utando wa juu unaozuia maji ya ngozi yasipotee, na katika upepo mkavu wa Juni na Julai, kutoka Mbeya mpaka Makambako na Njombe, utando huo ukishatoka uso huwasha, hubabuka, na hauwezi kuvumilia dawa yoyote ya maana.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kupunguza. Ninaosha uso mara mbili tu kwa siku, kwa sabuni ya maji ya usoni isiyo na manukato, nikitumia vidole badala ya dodoki. Maji yawe ya uvuguvugu: namimina kidogo kutoka kwenye chupa ya chai ndani ya beseni, naongeza ya baridi, na nikiingiza kiwiko nisisikie joto wala baridi. Najikausha kwa kugusisha taulo, taulo langu peke yangu. Uso ukiwa bado na unyevu, napaka losheni nyepesi, ile ambayo kibandiko chake kinaeleza kwamba haizibi vitundu vya ngozi. Wiki mbili za mwanzo niliipaka kwa wasiwasi, kwani kumpa losheni mtu mwenye uso wa mafuta kulionekana kama kumnywesha maji aliyekwisha kulowa, lakini ule mng'ao wa saa nne asubuhi ulipungua.

Dawa ilifuata baadaye, nayo moja kwa wakati mmoja. Nilianza na benzoili peroksaidi, dawa ya kupaka inayoua bakteria wa chunusi, ya asilimia 2.5, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, usiku mmoja napaka na unaofuata napumzika. Huipaki juu ya kipele kimoja kimoja kama mtu anayeziba pancha. Unaieneza eneo lote ambalo chunusi hupenda kutokea. Ninaonya jambo moja ambalo hakuna aliyenionya: dawa hii huchujua rangi ya nguo, na foronya yangu ya bluu ina mabaka meupe mpaka leo. Wapo wanaofaa zaidi kwa asidi ya salisiliki, ambayo huzibua vitundu, hasa wenye vipele vyeusi puani, na ipo adapalini, dawa nyingine ya kupaka, ambayo ni nzuri lakini mjamzito haruhusiwi kuitumia. Yoyote utakayoichagua, ipe wiki nane mpaka kumi na mbili. Mimi wiki ya tatu nilikuwa karibu kuitupa.

Kukosa subira huko ndiko kulikonipeleka, mwaka mmoja kabla ya hapo, kwenye mkorogo. Dada mmoja muuza vipodozi alinichotea krimu kutoka kwenye kopo lisilo na jina, akachanganya na nyingine mbili mbele yangu kwa kijiti, na kweli ndani ya siku kumi uso ukatakata. Nilipoacha, chunusi zilirudi kwa kishindo, ndogondogo, nyekundu, za kufanana zote, jambo ambalo baadaye daktari wa ngozi aliniambia ni kawaida ya steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe ambazo huchanganywa kwenye krimu kama hizo. Hidrokwinoni na zebaki, kemikali za kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku katika vipodozi vinavyouzwa nchini, lakini kopo lisilo na kibandiko halikuambii lina nini.

Halafu kuna jua, ambalo sisi wa nyanda za juu hulidharau kwa sababu tumevaa sweta. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na miale inayodhuru ngozi huongezeka kwa takribani asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Baridi haiipunguzii chochote. Madoa yanayobaki chunusi ikipona huwa meusi zaidi yakipigwa na jua, hivyo nisipopaka kinga ya jua ya SPF (kipimo cha nguvu ya kinga hiyo) 30 au zaidi, dawa ya usiku inafanya kazi ya bure. Kwa ngozi nyeusi tafuta ile isiyoacha weupe, na ukikaa nje, kama shambani au sokoni, irudie kila baada ya saa mbili.

Kuhusu chakula sina mengi. Parachichi la Rungwe nimesingiziwa sana kwamba ndilo linaloniponza, na nimeendelea kulila. Mafuta ya nywele ndiyo niliyoyakuta na hatia: vipele vya kwenye paji la uso vilipungua nilipoacha kuyapaka mpaka ukingoni mwa misuko na kuanza kulala na kilemba safi.

Uvimbe mkubwa wa ndani, unaouma ukiugusa na kuacha mashimo, usiutibu kwa krimu za dukani wala usiutumbue. Huo ni wa kupelekwa kwa daktari mapema. Mimi bado hutokewa na chunusi mbili tatu kila mwezi zinapokaribia siku zangu, na ninaziacha. Kopo la mafuta ya mgando bado liko dirishani kwa mama, na ninapokwenda kumsalimia wakati wa kipupwe hunisogezea, napaka visigino.