Kumtunza mwimbaji wa taarabu wimbo ukiendelea

Mgeni wa taarabu huenda akajiuliza kama ni utovu wa adabu kumtunza mwimbaji, yaani kuinuka katikati ya wimbo na kumpelekea pesa. Hapana, si utovu wa adabu. Katika taarabu ya Unguja hiyo ndiyo desturi, kwa sababu tuzo hutolewa palepale kwa ubeti uliomgusa msikilizaji. Mtunzaji huondoka kitini taratibu, akicheza kwa kufuata mdundo huku noti ameiinua kwa vidole ionekane, humkabidhi mwimbaji, kisha hurudi kukaa bila kumkatiza wala kuwazibia wengine. Wakati wa bashrafu, yaani muziki wa ala tupu ambao vikundi vya mtindo wa zamani kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, hufungulia onyesho, watu hutulia na kusikiliza. La kuchunga zaidi, kwa maoni yangu, ni ubeti unaouchagua, kwa kuwa ukiinuka kwenye ubeti wa kijembe na kumpitia jirani yako kwa madaha, ukumbi mzima utaelewa kwamba umemlenga yeye, hata kama wewe ulipendezwa na sauti tu.