Virusi Vimelala, Mimi Silali

Kwa miaka minne majibu yangu ya kliniki yalikuwa ya kujivunia. Kipimo cha wingi wa virusi vya UKIMWI (VVU) kinarudi chini ya kopi 50 kwa mililita ya damu, muuguzi anatabasamu, ananipa tarehe nyingine, natoka. Karatasi ilisema virusi vimefubaa, na kweli vilikuwa vimefubaa. Ila mimi nilikuwa nalala saa mbili kwa usiku. Simu za ndugu nilizitazama zikiita mpaka zikate. Hata kuoga kulikuwa kazi.

Aliyegundua ni mama mmoja tuliyekaa naye kwenye benchi tukisubiri dawa. "Vidonge unavihesabu, mwanangu. Usingizi je?" Nikacheka, halafu kicheko kikanikwama. Yeye alianza dawa enzi za kumeza vidonge lukuki kwa siku. Hakunipa pole. Alinisimulia mwaka wake mbaya kwa kifupi, kama mtu anayekuelekeza njia aliyokwisha kuipita. Wanasihi nilishawaona wawili, watu wema tu, lakini kwao kila mara nilianza na maelezo. Kwa mama yule sikuwa na la kueleza.

Ndiyo maana anayeniuliza aanzie wapi kutafuta wenzake wa kuongea nao namwambia kikundi kinaweza kusubiri. Atafute mtu mmoja. Duara la watu ishirini humtisha aliyezoea kujificha. Muulize muuguzi kama kliniki ina mwelimishaji rika, yaani mwenzetu anayeishi na VVU aliyefundishwa kuwasaidia wengine, kisha mpime kwa jambo dogo. Akianza kukusimulia ya wenzako kwa majina, ujue na yako yatasafiri.

Kushikana sisi kwa sisi hakukuanza jana. Mwaka 1983, huko Denver, Marekani, kabla haijapatikana dawa yoyote ya kukabili virusi hivi, watu wenye UKIMWI walisimama kwenye mkutano wakakataa kuitwa wahanga. Wakahimizana waunde vikundi vyao na wachague wenyewe wa kuwasemea.

Baadaye nami nikawekwa kuwapokea wapya, na nilianza vibaya. Nilihubiri. Kijana mmoja nilimpa hotuba nzima: dawa zipo, utaishi miaka mingi, virusi visipoonekana kwenye kipimo humwambukizi mwenzi wako kwa kujamiiana. Yote kweli, na hiyo ya mwisho imewatua wengi mzigo mkubwa. Akaitikia kila neno. Kumbe vidonge alishaviacha wiki kadhaa. Alikuja kuniambia, "Ulikuwa na haraka nipone ili ufurahi wewe." Iliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli.

Tangu siku hiyo siulizi tena "unakunywa dawa vizuri?" Nani atajibu hapana? Nauliza, "Mara ya mwisho kuruka dozi ilikuwa lini?" Swali hilo linakubali kwamba watu huruka. Halafu nanyamaza, na kunyamaza ndiko kugumu. Maneno kama "jikaze" na "wapo wenye hali mbaya kuliko wewe" nimeyatupa. Anayejinyanyapaa anajiambia hayo usiku kucha, tena kwa ukali kuliko wewe.

Lakini mwelimishaji rika si daktari. Mtu akikaa wiki mbili au zaidi hana raha na chochote, usingizi na hamu ya kula vimevurugika, anajiona hana thamani, hiyo huenda ni sonona, na sonona ina matibabu. Mpeleke, ikibidi mwende wote. Ajabu ni kwamba wengi wetu tunaficha sonona kuliko tunavyoficha VVU. Aulize pia kuhusu dawa zake za kufubaza virusi (ARV): efavirenzi inajulikana kwa ndoto za ajabu na kuvuruga hisia, na dolutegraviri huwanyima baadhi ya watu usingizi. Mwingine husaidiwa kwa kubadilishiwa tu muda wa kumeza. Hilo aamue mtoa huduma, maana ukiacha mwenyewe virusi huamka na vinaweza kujenga usugu. Na ukiandikiwa dawa ya sonona, au ukitumia miti shamba, taja kila unachomeza, kwa kuwa baadhi hugongana na ARV.

Ukihisi mwenzako anafikiria kujiua, muulize waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, usimwache peke yake na usiahidi kutunza siri. Mtafutie msaada siku hiyohiyo. Hapa tu ndipo siri inapovunjwa.

Nawe unayesikiliza, uwe na wa kukusikiliza. Mimi nilichelewa kulijua hili, nikabeba habari za watu sita mpaka silali tena. Sasa nimeweka mpaka: usiku sipokei simu isipokuwa ya dharura, na kila mwezi nakaa na mnasihi wa kliniki.

Yule kijana alinipigia juzi. Nikamuuliza habari za dawa, akajibu kwa kifupi, kisha akauliza, "Na wewe, usingizi je?" Nikamwambia wiki hii mbaya. Hakusema kitu, ila hakukata simu.