Maswali ya Wasomaji: Nafsi, Roho na Pumzi

Swali: Bwana mhariri, salaam. Kwenye matanga hapa mtaani kwetu mhubiri alisema mtu ana vitu vitatu mbalimbali, mwili, nafsi na roho, na kinachookoka ni roho peke yake. Mzee mmoja akampinga, akasema nafsi na roho ni kitu kimoja. Tulibishana hadi usiku. Biblia yasemaje? — Msomaji, Kisauni

Jibu: Ndugu yetu, kabla ya kuamua nani amepatia, fungua Luka 12 katika Union Version, ile Biblia ya 1952 ambayo wengi tumelelewa nayo. Mstari wa 19 tajiri anajisemesha: “Ee nafsi yangu, una vitu vyema vingi.” Mstari wa 20 Mungu anamjibu: “Usiku huu wa leo wanaitaka roho yako!” Ukisoma kwa Kiswahili utadhani ni vitu viwili. Katika Kigiriki alichoandikia Luka, neno ni lile lile mara zote mbili: psukhe. Ile aliyokuwa akiibembeleza ndiyo iliyodaiwa usiku ule. Kwetu sisi mtu anayekufa hukata roho, hakati nafsi, kwa hiyo maneno ya mstari wa 20 yanaingia sikioni vizuri. Tatizo huja pale mtu anapojenga fundisho zima juu ya tofauti ambayo Luka hakuiandika.

Upande wa Agano la Kale neno lenyewe ni nefeshi, nalo limo zaidi ya mara 700. Asili yake ni koo, pale panapopita pumzi na chakula. Tazama Zaburi 69:1: “Maji yamefika mpaka nafsini mwangu.” Anayesema hivyo anazama, maji yamemfika kooni. Sisi tungesema yamenifika shingoni, na maana ingekuwa ile ile. Hata neno letu roho linaijua njia hiyo, maana mtu akikabwa roho, kilichobanwa ni koo. Ndiyo sababu katika Zaburi 42 nafsi ina kiu. Kutoka kooni neno likapanuka: likawa hamu ya kula, likawa uhai, mwisho likawa mtu mwenyewe. Kutoka 1:5 inahesabu uzao wa Yakobo kuwa nafsi 70. Merikebu iliyovunjika na Paulo ndani yake, katika Matendo 27:37, Kigiriki kinasema ilikuwa na nafsi 276, yaani watu, vile vile tungehesabu vichwa kwenye kivuko cha Likoni.

Sasa rudi Mwanzo 2:7, mstari ulio msingi wa yote. Mungu anafanya mtu kwa mavumbi, anampulizia puani pumzi ya uhai, na “mtu akawa nafsi hai.” Haisemi alitiwa nafsi. Mavumbi yalipopata pumzi, jumla yake ndiyo ikaitwa nafsi. Mzee wenu, basi, ana haki kwa sehemu: mahali pengi roho ya Kiswahili na nafsi ya Kiswahili ni neno moja katika asili. Lakini si kila mahali. Liko neno jingine, ruaki kwa Kiebrania na pneuma kwa Kigiriki, lenye maana ya upepo, pumzi, na pia Roho wa Mungu. Hilo ndilo liko Mhubiri 12:7, “roho kumrudia Mungu aliyeitoa.” Biblia yetu inalitafsiri roho vile vile, na hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa.

Yule mhubiri wa matangani naye ana mstari wake, 1 Wathesalonike 5:23, unaotaja nafsi, roho na mwili. Umo, hatuufuti. Lakini Marko 12:30 inataja moyo, roho, akili na nguvu, na hatujasikia mtu akihubiri kwamba binadamu ana vipande vinne. Lugha ya namna hiyo hukusanya, haipasui. Alipoteleza kabisa ni pale aliposema kinachookoka ni roho tu. Mstari huo huo unaombea mwili nao uhifadhiwe, na Warumi 8:23 inangojea “ukombozi wa mwili wetu.”

Mkitaka kumaliza ubishi bila kutegemea sauti ya mwenye nguvu, fanyeni hivi. Chukueni programu ya Biblia ya simu yenye namba za Strong, ambazo hulipatia kila neno la asili namba yake. Nefeshi ni 5315 na ruaki ni 7307 upande wa Kiebrania. Psukhe ni 5590 na pneuma ni 4151 upande wa Kigiriki. Chora safu mbili kwenye daftari, moja ya nefeshi na psukhe, ya pili ya ruaki na pneuma. Kila mstari wenye “roho” au “nafsi” mnaoutumia katika hoja, tazameni namba yake, uingie safu inayoufaa. Anzeni na Ezekieli 18:4, “roho ile itendayo dhambi itakufa.” Mtakuta ni 5315: mtu atendaye dhambi ndiye atakayekufa.

Makosa mawili huharibu kazi hii. La kwanza, mara nyingi namba zimefungwa kwenye tafsiri ya Kiingereza, na mpangilio wa maneno si wetu, kwa hiyo mtu huhesabu maneno na kugusa lisilo lake. Linganisheni mstari mzima. La pili ni baya zaidi: kuona orodha ya maana sita chini ya neno moja, kisha kuzimwaga zote sita kwenye mstari mmoja. Neno hubeba maana inayodaiwa na sentensi lilimo, basi.

Jambo la kando kidogo, kwa kuwa tunaishi Mombasa: jirani yako Mwislamu anapomkumbusha mfiwa kwamba kila nafsi itaonja mauti, neno hilo la Kiarabu ni ndugu wa damu wa nefeshi ya Kiebrania. Roho na ruaki nazo ni ndugu. Mswahili yu karibu na maneno hayo ya kale kuliko wasomaji wengi wa Ulaya.

Swali: Mwanangu wa miaka saba aliuliza kama paka wetu aliyekufa alikuwa na nafsi. Nimjibu nini? — Mama, Tudor

Jibu: Mama, mjibu kwamba ndiyo, kwa maana ya Mwanzo 1. Maneno yaliyotafsiriwa “nafsi hai” kwa Adamu ndiyo yaliyotumika kwa samaki katika mstari wa 20 na kwa wanyama wa nchi katika mstari wa 24. Kiswahili kimeyafanya “chenye uhai” na “kiumbe hai” tu. Mhubiri 3:19 inaongeza kwamba watu na wanyama “wanayo pumzi moja.” Kinachomtenga mwanao na paka ni Mwanzo 1:27: yeye ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Kuhusu paka kumwona tena, usimwahidi ambalo Maandiko hayakuahidi.

Swali: Tumemzika mama mwezi uliopita. Dada yangu Msabato asema mama amelala, hajui lolote mpaka ufufuo. Mimi kanisani kwetu nimefundishwa yuko na Kristo sasa hivi. Hatuelewani hata kwenye maombi. — Msomaji, Changamwe

Jibu: Pole sana, wewe na dada yako. Wala si ninyi wa kwanza. John Calvin aliandika kitabu kizima kupinga fundisho la nafsi kulala, katika miaka ya 1530. Wasabato, na Mashahidi wa Yehova kwa njia yao, hushika Mhubiri 9:5, “wafu hawajui neno lo lote,” na Yohana 11, Yesu anaposema Lazaro amelala kisha anaeleza wazi kwamba amekufa. Wakatoliki, Waanglikana na Waprotestanti wengi hushika Luka 23:43, “leo hivi utakuwa pamoja nami peponi,” na Wafilipi 1:23, Paulo anapotamani kwenda zake akae na Kristo. Mathayo 10:28 nayo huwapa kazi wote wawili: wanadamu hawawezi kuiua roho, lakini Mungu aweza kuiangamiza.

Sisi twaona maneno ya Paulo kwa Wafilipi ni mazito mno kuyasoma kama usingizi mtupu. Hata hivyo dada yako ana jambo ambalo wengi wetu tumelisahau: Biblia haisemi popote kwamba nafsi haifi kwa asili yake. 1 Timotheo 6:16 inasema Mungu peke yake hapatikani na mauti, na katika 1 Wakorintho 15:53 kutokufa ni vazi tutakalovikwa. Tumaini la mama yenu liko kwenye ufufuo, na hapo hamna ugomvi. Mkiomba pamoja, someni 1 Wathesalonike 4:13-18. Inasema waliolala watafufuliwa, nasi sote “tutakuwa pamoja na Bwana milele.” Kila mmoja wenu aweza kuitikia amina bila kumeza neno.

Swali: Marehemu baba ananijia ndotoni. Wazee kwetu Rabai wasema koma lake, yaani mzimu wake, lina kiu, nikamwagie tembo la mnazi kwenye kigango, ile nguzo ya kumkumbuka marehemu. Mimi ni Mkristo. — Msomaji, Mikindani

Jibu: Ndugu, ndoto ya baba si dhambi wala si ushahidi kwamba amekuja. Mhubiri 5:3 yasema ndoto huja kwa shughuli nyingi, na mfiwa ana shughuli nyingi moyoni. Kinachokatazwa, Kumbukumbu la Torati 18:10-12, ni kuwataka wafu ushauri. Sauli alifanya hivyo kule Endori na akatoka amevunjika zaidi.

Kuliheshimu kaburi ni jambo jingine. Raheli alipokufa, Yakobo alisimamisha nguzo juu ya kaburi lake, Mwanzo 35:20, na hakulaumiwa. Kwa hiyo nenda nyumbani. Palilia kaburi, waamkie wazee, kaa nao wakueleze habari za baba yako, uliza kama aliacha deni ulilipe. Kigango usikiguse wala usikidharau. Wakati wa kumwaga tembo ukifika, waambie mapema na kwa adabu kwamba wewe utasimama pembeni.