Pampu ya Bwawa Haijafa, Inavuta Hewa

Juzi kijana mmoja anayetunza bwawa la nyumba ya Mbezi Beach kaniandikia: "Shikamoo kaka. Pampu inazunguka vizuri, ila maji yanarudi bwawani na mapovu na presha haipandi. Fundi kashampa bosi bei ya pampu mpya. Nifanyeje?"

Marahaba. Mzuie bosi asitoe hela, halafu mwulize huyo fundi geji ya filta, ile saa ya kupimia presha, inasoma ngapi. Akianza kuguna, ujue hajaitazama.

Presha ikipanda PSI (alama za kwenye geji) 8 hadi 10 juu ya ile ya filta safi, maji yamezuiwa baada ya pampu: mchanga wa filta umejaa uchafu, au koki ya kurudisha maji imefungwa nusu. Presha ikiwa chini na mshale unachezacheza, nenda upande wa kunyonya. Maji yameshuka chini ya mdomo wa skima (tundu la ukutani linalonyonya maji ya juu), kikapu cha kuchuja takataka kimejaa majani, au hewa inapenya mahali. Na mapovu ni hewa, mdogo wangu, hakuna jina lingine.

Jambo hili linanichoma, ngoja niseme. Nilikuwa na bwawa Masaki, nimelilea tangu vigae vyake vipya. Nikaenda msibani Korogwe, kurudi nakuta pampu mpya inang'aa na fundi mwingine kashalipwa. Sikuulizwa hata kwa simu. Ile ya zamani kaondoka nayo, eti skrepa. (Nasikia iko Kigamboni, inasukuma maji mpaka leo.)

Haukupita muda, mama mwenye nyumba akanipigia: pampu mpya nayo inatoa mapovu! Nikaenda. Sikushika spana hata moja. Nilichukua povu la kunyolea ndevu, nikaliwasha dude likazunguka, nikawa napaka povu kila kiungo cha bomba la kunyonya. Kwenye mfuniko wa kikapu povu likatulia. Kwenye yunioni (kiungo cha bomba cha kufungua kwa kuzungusha), likatulia. Nilipofika kwenye koki, pale bomba linapopigwa na jua mchana kutwa, povu likaingia ndani taratibu, likaacha kijitundu cheusi katikati ya weupe. Gundi ilikuwa imeachia. Nikakata kipande, nikagundisha kingine, nikaacha gundi ikauke, basi.

Mama akasema, "Kumbe kitu kidogo tu hivyo!" Nikapewa nauli ya bodaboda. Kitu kidogo! Pampu nzima imenunuliwa kwa sababu ya hicho kidogo.

Najua wengi mnaonisoma mnataka tenda za Masaki na Oysterbay, mnataka bosi akikuona getini aseme "fundi kaja". Basi acheni tabia ya kuuza pampu kabla ya kupima. Toza hela ya kupima, iseme mapema kabla hujashika kitu, na usione aibu. Fundi anayeona haya kulipwa kwa akili yake ndiye atakayelazimika kuuza vyuma, na mwenye nyumba naye ajue kwamba ushauri wa bure ndio unaomgharimu pampu. Hili nitalirudia mpaka mchoke.

Kusafisha filta mnajua, naruka.

Mota ikinguruma bila kuzunguka, zima breka (swichi ya umeme wa pampu), kisha zungusha feni ya nyuma kwa mkono. Ikienda laini, shuku kapasita, kile kifaa kinachotunza umeme wa kuisukuma mota ianze. Ikigoma, kuna kitu kimekwama kwenye impela (gurudumu linalosukuma maji) au beringi zimeshika kutu, na kwa hewa ya chumvi ya pwani yetu kutu haina msamaha. Kapasita hubaki na umeme hata breka ikiwa imezimwa, usiipapase kwa vidole. Ukiwa na mita ya kupimia volti, pima na umeme wenyewe wakati mota inafanya kazi: mota ya volti 230 ikipewa umeme dhaifu wa jioni hupata moto, hujizima, ikipoa huwaka tena, na watu husema imekufa.

Maji yakidondoka pale mota inapokutana na nyumba ya impela, ni sili, kizuizi cha maji kwenye shafti. Ukichelewa yanafuata shafti hadi kwenye beringi, ndipo utakaposikia kelele ya kukwaruza. Ukienda Kariakoo kutafuta sili mpya, nenda na ya zamani mkononi. Kipenyo cha shafti kikitofautiana milimita moja tu, utarudi dukani, na muuzaji atakwambia hapokei iliyokwisha fungwa.