Ukiungua chumbani na wazazi wako mbali

Mwanafunzi aliyepanga chumba nje ya chuo hupika, husoma na kulala ndani ya kuta nne zilezile. Ajali ikitokea usiku, hakuna mama wa kumwita wala kaka wa kukimbia kutafuta gari. Mimi nilikuwa mwaka wa pili, nimepanga Maseno, magharibi mwa Kenya, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, mguu wa stuli tuliyokuwa tumewekea jiko la gesi ulipovunjika na maji ya ugali yaliyokuwa yakitokota yakanimwagikia kuanzia gotini hadi vidoleni. Naandika kwa sababu bado nakutana na wanafunzi wenye makovu makubwa ambayo yangeweza kuwa madogo.

Jambo la kwanza ni maji. Maji ya kawaida yasiyo na joto, yapite juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20 kamili. Ngozi iliyoungua hubaki na moto ndani yake, na moto huo huendelea kushuka chini hata baada ya sufuria kuondolewa. Maji ndiyo huutoa. Ukichelewa, bado yanasaidia ndani ya muda wa saa tatu tangu uungue, kwa hiyo usiseme muda umepita. Barafu usiweke, inaumiza ngozi upya.

Najua utauliza maji yenyewe yako wapi. Ploti yetu mfereji ulikuwa unatoka siku fulani tu, na siku ile ulikuwa mkavu. Mwenzangu wa chumba alinikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanivua ndala na kikuku kabla mguu haujavimba, akauweka mguu juu ya beseni. Akawa anachota kwa kikombe kutoka kwenye mtungi wa lita 20 na kunimiminia kuanzia gotini, polepole, maji yakijaa beseni anachota yaleyale anamimina tena. Yalipoanza kupata uvuguvugu akayamwaga na kuanza mengine. Nilimwomba aache kwa vile nilikuwa nikitetemeka, akanifunika mabega kwa blanketi na kuendelea, simu iko sakafuni inahesabu dakika. Goti langu leo halina alama yoyote. Tangu siku ile mtungi mmoja uliojaa hauguswi chumbani kwangu hata kama nguo zimerundikana.

Majirani walifika upesi, na kila mmoja na dawa yake. Mmoja ameshika dawa ya meno, mwingine yai bichi, mwingine anataka unga wa ngano, na mama mmoja akatuma mtoto akatafute manyoya ya sungura. Watu hawa wanakupenda, na ni vigumu kumkatalia mtu mzima aliyekukimbilia. Lakini vitu hivyo hufungia joto ndani, huleta vijidudu, na hospitalini lazima visuguliwe vitoke kwenye nyama mbichi. Mwenzangu aliwajibu hivi: "Asante sana mama, wacha tufike kwa daktari kwanza, akituruhusu tutaweka." Hakuna aliyekasirika. Yule mama wa sungura ndiye aliyetutafutia boda boda. Ikariri sentensi hiyo, maana siku yenyewe utakuwa na maumivu na maneno yatakupotea.

Baada ya maji, funika. Nailoni safi ya kufunikia chakula ndiyo bora kwa sababu haigandi kwenye kidonda, nayo iwekwe juu bila kuzungushwa na kubana. Kama hamna, kitambaa safi kisicho na manyoya kinatosha, hata leso iliyofuliwa. Nguo iliyogandamana na ngozi usiivute, kata pembeni yake. Malengelenge usiyatoboe hata kama yanakutia kinyaa.

Sasa, je, uende hospitali? Nenda kama sehemu iliyoungua inazidi ukubwa wa kiganja chako, au iko usoni, mikononi, kwenye nyayo, sehemu za siri au kwenye kiungo kama goti. Nenda pia kama ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi, au umeunguzwa na umeme, hata kama kwa nje inaonekana kidogo. Uliza habari ya sindano ya pepopunda. Kwa upande wetu kuna hospitali ya misheni hapohapo Maseno, na mambo yakiwa mazito wagonjwa hupelekwa Kisumu, kwenye hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji wote wanaiita Russia. Nambari ya Msalaba Mwekundu kwa gari la wagonjwa ni 1199. Iandike ukutani, kwa sababu simu yako inaweza kuwa haina chaji.

Pesa zisikufanye ubaki nyumbani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Itaje kwa heshima pale mlangoni. Na kama bado hujajisajili na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF mwezi Oktoba 2024, piga *147# leo ukiwa mzima. Ukiwa hujafika miaka 25, unasoma muda wote na huna kipato, waulize wazazi kama wamekuandikisha chini yao. Wengi wetu hatujui mpaka tufike dirishani.

Jambo la pili ambalo nalisisitiza sawa na maji ni watu. Kidonda kikishafungwa, kazi yako ni kuwapigia. Nilitaka kumficha mama, aliyekuwa Webuye, nikijiambia nitamwambia nikipona. Mwenzangu akanikataza. Kuna namna ya kumwambia mzazi habari hizi asianguke: anza na kwamba uko salama, kisha uko wapi, kisha uko na nani, na mwisho kilichotokea. "Mama, niko salama, niko hospitalini Maseno pamoja na mwenzangu wa chumba. Nimemwagikiwa na maji ya moto mguuni, nimeshafungwa dawa." Alinyamaza kidogo, akaomba azungumze na mwenzangu, halafu akaniambia, "Pole mwanangu. Kesho asubuhi niko njiani." Alikuja na omena, yaani dagaa, na maharagwe, na kweli kidonda kinahitaji chakula cha kujenga mwili. Yai nalo ulile, usilipake.

Chuoni, mwambie mwakilishi wa darasa siku hiyohiyo, kisha ofisi ya mlezi wa wanafunzi. Mhadhiri mmoja hakukubali picha ya kidonda kwenye simu, alitaka karatasi, na ukweli ni kwamba taratibu za mitihani maalum zinataka karatasi. Omba barua ya daktari yenye tarehe na muhuri kabla hujatoka hospitalini, uipeleke zahanati ya chuo waithibitishe, na ubaki na nakala. Uliza pia kama unaweza kubadilishiwa bendeji hapohapo zahanati. Mimi hilo liliniokolea nauli nyingi. Mwenye nyumba naye ajulishwe mapema. Kodi ikichelewa baada ya taarifa, mazungumzo huwa tofauti kabisa.

Kuhusu jiko, liweke mahali pasipotikisika, kama pale kwenye saruji, mishikio ya sufuria ikielekea ukutani. Ukisikia harufu ya gesi usiguse swichi wala kiberiti. Funga mtungi, fungua mlango na dirisha, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutanda chini sakafuni, mnapolala.

Kidonda kikifunga, ngozi mpya huwasha sana usiku. Usiikune, ipake mafuta yasiyo na manukato na uipigepige kwa kiganja. Iepushe na jua kwa miezi mingi, maana jua huifanya iwe na weusi usiotoka upesi, na Maseno iko juu ya ikweta kabisa. Mimi nilivaa sketi ndefu na soksi hadi muhula uliofuata ulipoisha, hata siku za joto.